Pole Isiyojibiwa

Hapo juzi, wala sisemi hapo kale, maana hapo kale mtu alinunua kitu baada ya kukishika na kukigongagonga, palikuwa na mwanamke akiitwa Kazija binti Mbwana, kungwi katika mji mmoja wa pwani. Kazi yake ilikuwa kuwafunda wari adabu: namna ya kukaa, namna ya kupokea mgeni, na zaidi ya yote namna ya kujibu. "Neno jema likitolewa haliachwi hewani," ndivyo alivyowaambia. Ukiamkiwa, itika. Ukiambiwa pole, sema nimeshapoa, hata kama mguu umevunjika na mfupa unachungulia nje. Mwari aliyepita mikononi mwa Kazija, akikanyagwa na punda, angemwomba radhi punda.

Kazija alikuwa na mama, Bi Rukia, na Bi Rukia alikuwa na masikio mawili yasiyofanya kazi. Mwaka wa tatu huo alikuwa hasikii kitu. Watu wakicheka, naye hucheka. Watu wakinyamaza, yeye huendelea kucheka peke yake, na hilo ndilo lililokuwa likimkata maini binti yake. Siku moja, wakichambua mchele, bibi huyo akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe: "Kazija, nimeisahau sauti yako. Nakumbuka ilikuwa nzuri, lakini nimeisahau."

Siku hiyohiyo Kazija alichukua simu yake, akaingia katika duka la mtandaoni liitwalo Bonyeza Ufurahi, akaagiza kifaa cha kusikia, vile vidude viwili vidogo vya kuvaa masikioni. Alibonyeza. Alifurahi. Baada ya wiki tatu likaja sanduku zito kupita kiasi, na ndani yake mlikuwa na honi ya lori, pamoja na mtungi wake wa upepo.

Akaibonyeza kuhakikisha kama ndiyo kweli. Ilikuwa kweli. Kuku wa jirani waliacha kutaga kwa siku nne. Bi Rukia aliruka kitandani, akaingia uvunguni na kupiga ukelele: "Lori! Kazija, lori limeingia ndani!"

Kazija alipiga simu dukani. Sauti tamu ikamwambia, "Pole kwa usumbufu." Akajibu nimeshapoa, kama alivyolelewa, na papo hapo simu ikakatwa. Akapiga mara ya pili, ikawa vilevile. Ndipo alipolitazama sanduku akaona limeandikwa ubavuni: Limetoka Upoleni. Basi akajifunga kibwebwe, akatia nguo begini, akaibeba honi yake na mtungi wake kwapani, akashika njia ya Upoleni. Nisiulizwe alipanda nini wala alishukia wapi. Nchi hiyo haimo katika ramani, lakini kila aliyewahi kudai haki yake kwa simu ameshafika mpakani mwake, akawekewa muziki asubiri.

Mpakani alipokewa na ofisa mwenye uso wa huruma, kama mtu atokaye mazikoni. Ofisa alichukua begi la Kazija kulikagua, akamrudishia jingine, la kijani.

"Hili si langu, baba," Kazija akasema.

"Lo! Pole, bibi," akasema ofisa, mkono kifuani.

"Nimeshapoa."

Ofisa akapiga muhuri, pa! "Haya, imekwisha."

"Imekwisha nini?"

"Kesi ya begi. Umeshapoa, nami nimeandika kuwa umeshapoa. Mtu aliyepoa ana kesi gani tena? Karibu Upoleni."

Ndani ya begi la kijani mlikuwa na jozi kumi na moja za soksi ndefu za mpira wa miguu, nyekundu zenye mistari. Nguo za Kazija, kanga zake za doti tatu na marashi yake, vyote vilikwisha kwenda kwa watu wengine. Alishukuru tu kwamba honi ilikuwa kwapani.

Akapata pa kufikia kwa bwana mmoja mpole aitwaye Radhi, aliyekuwa akipangisha vyumba. Na hapa msimuliaji naomba msikilize vizuri, nisije nikadhaniwa nimelewa: nyumba ya Bwana Radhi haikuwa na paa, lakini ndani yake mlikuwa na paa. Yaani juu palikuwa wazi, mbingu inaonekana, na sebuleni alisimama mnyama mwenye pembe na macho makubwa, anatafuna pazia.

"Niliagiza paa," Bwana Radhi akaeleza huku akimsogezea mgeni kiti, "wakaniletea paa. Nikaenda kulalamika. Wakaniuliza, uliandika nini? Nikasema niliandika paa. Wakasema, na huyu ni nani? Nikasema ni paa. Basi wakaniambia pole, nami nikapoa."

"Na mvua je?"

"Inatunyea sote wawili. Mwenzangu hajalalamika hata siku moja, mimi nilalamike nina nini?"

Siku ile akamtembeza mtaani. Jirani wa kulia aliagiza mbuzi kwa ajili ya akika ya mwanawe, akaletewa mbuzi ya kukunia nazi. Shughuli haikuahirishwa, sheikh alisoma dua, mtoto akapewa jina na wageni wakapewa tui. Jirani wa kushoto alikuwa bibi harusi wa mwaka juzi. Aliagiza shela, akaletewa kofia ya zimamoto. Aliivaa, na ilimpendeza kiasi kwamba sasa msichana wa Upoleni akiletewa shela kwa bahati mbaya hulia siku nzima. Fundi wa saa aliletewa mizinga, akawa anafuga nyuki. Mfuga nyuki aliletewa vifaa vya saa, akawa anatengeneza saa, na kila mmoja alikuwa anaifanya kazi ya mwenzake vibaya sana, wakiwa wanakaa nyumba zinazotazamana.

"Mbona hawa wawili hawabadilishani?" Kazija akauliza.

Bwana Radhi akashtuka. "Wabadilishane? Baada ya kupoa?"

Hapo ndipo alipomweleza sheria ya nchi, ambayo yaweza kuandikwa juu ya kiberiti nafasi ikabaki. Sheria ya kwanza: aliyeambiwa pole akajibu nimeshapoa, ameridhika na alichopewa wala hana dai juu ya alichokikosa. Sheria ya pili: pole iliyotolewa haiachwi bila jibu, na mpaka ijibiwe, aliyeitoa na ofisi yake nzima hawaruhusiwi kuondoka wala kula.

"Hiyo ya pili haijawahi kutumika," akasema Bwana Radhi kwa fahari. "Sisi ni Wapole, bibi. Nani atamwachia mwenzake pole ikining'inia?"

Maneno hayo aliyajua. Ndiyo aliyokuwa akiwaimbia wari wake kwa miaka ishirini na mbili, na siku ile, kwa mara ya kwanza, aliyatilia shaka.

"Upole ni mzuri," akasema mwishowe. "Lakini Bwana Radhi, unalala na mwavuli."

"Si mwavuli huu," akajibu mwenyeji wake, akakitazama kitu alichokishika. "Niliagiza mwavuli. Hii ni antena."

Asubuhi yake Kazija alikwenda Ofisi Kuu ya Pole, ambako malalamiko yote ya Bonyeza Ufurahi hupokewa. Ni jengo refu la vyumba vilivyofuatana, kila chumba na pole yake, kuanzia Pole ya Kawaida mlangoni mpaka Pole Kuu mwishoni kabisa, ambako hakuna mteja aliyewahi kufika. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Bi Faraja, karani mnene mwenye sauti ya asali. Juu ya meza yake palikuwa na muhuri, boksi la tishu na jagi la maji na bilauri, kwa ajili ya wateja wanaokauka koo.

"Uliagiza nini, shoga yangu?"

"Kifaa cha kusikia."

"Ukaletewa nini?"

Kazija akaiweka honi mezani. Bi Faraja akaizunguka mara moja, akafungua daftari lake. "Kifaa cha kusikika," akasoma. "Sioni kosa hapa."

"Niliandika kusikia."

"Nasi tukakuletea kusikika. Hebu hesabu herufi, mwenzangu. Tumekuongezea moja, tena bure."

"Herufi hiyo siitaki."

"Lo, usemi gani huo! Kuna wateja wanapunguziwa herufi mbili mbili na wanashukuru." Bi Faraja akainama mbele. "Kifaa ni cha nani?"

"Cha mama yangu. Hasikii, mwaka wa tatu sasa."

"Honi hii uliibonyeza mbele yake?"

"Niliibonyeza."

"Akasikia?"

Kazija alikuwa mtu wa kweli, na ukweli una siku zake za kumponza mtu. "Alisikia," akasema.

Makarani wote wa chumba kile waliacha kalamu. Mzee mmoja wa masijala akavua miwani. "Mama asiyesikia amesikia," akanong'ona, "na binti amesafiri kuja kulalamika!"

"Alisikia lori!" Kazija akasema, na sauti ikaanza kumpanda. "Mama yangu hana haja ya kusikia lori. Anataka kunisikia mimi!"

"Basi piga honi kwanza," Bi Faraja akashauri, "halafu ndipo useme."

"Au anunuliwe lori," akasema yule mzee wa masijala, naye alisema kwa nia safi kabisa. "Hapa kwetu mtu hufuata mzigo, bibi, mzigo haumfuati mtu. Mama akiwa na lori, honi itakuwa imepata mahali pake."

Wakajadiliana. Mmoja akasema lori halifai bila leseni ya udereva. Mwingine akasema mtu asiyesikia ndiye dereva bora, kwani hasumbuliwi na honi za wenzake. Wa tatu akataka kujua kama Bi Rukia anafika kwenye breki. Waliandika kurasa nne nzima, kwa mwandiko mzuri, na katika kurasa zote nne vile vidude viwili vya masikioni havikutajwa hata mara moja.

Kisha Bi Faraja akasimama, akaliweka sawa buibui lake, akaweka mkono kifuani. Ofisi nzima ikasimama naye.

"Pole, Bi Kazija."

Jibu lilikwisha kufika kwenye ncha ya ulimi. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha wengine, na arobaini na sita ya kufundishwa, yote ilikuwa inalisukuma kwa nyuma. "Nime..." akaanza, na Bi Faraja akauinua muhuri.

Jicho la Kazija likaangukia jagi la maji.

Kati ya mafunzo aliyowapa wari kulikuwa na hili: mume akirudi na hasira, chukua funda la maji mdomoni, usilimeze mpaka atulie. Kazija akamimina, akapiga funda kubwa, akafunga mdomo. Mashavu yakamvimba kama maandazi yaliyoumuka vizuri. Akaketi, akaiweka honi mapajani, akamtazama Bi Faraja.

"Nimesema pole," Bi Faraja akarudia.

Kimya.

Nawaambia kweli, aibu ilimchoma mwanamke yule. Alijiona kama mwari aliyeshindikana, yule anayerudishwa kwao kabla ya fungate kwisha. Lakini kila ulimi ulipomwasha, alimkumbuka mama yake akicheka peke yake katikati ya watu walionyamaza, akakaza midomo.

Akaitwa karani wa chumba cha pili, naye akatoa Pole Sana. Kimya. Wa tatu akatoa Pole Sana Mno, ambayo huambatana na kutikisa kichwa. Ikaletwa Pole ya Pamoja: watu kumi na wanane wenye mashati ya aina moja, sauti nyembamba mbele na nzito nyuma, wakaiimba kwa beti tatu na kiitikio. Kazija akabadilisha maji. Ikaletwa Pole ya Machozi, ambayo hutolewa na mtumishi wa serikali aliyesomea kulia. Yule bwana alilia kwa ufundi, akaanza na kwikwi, akapandisha taratibu, akamaliza sakafuni. Kazija mwenyewe machozi yalimtoka, lakini machozi hayatoki mdomoni, kwa hiyo hayakuhesabiwa.

Ikawa saa sita za mchana, wakati wa chakula, na sheria ya pili ikaamka usingizini. Jikoni mwa ofisi mlikuwa na pilau, na harufu yake ilipenya kila chumba, bizari kwa mdalasini. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Wale kumi na wanane waliketi kwenye ngazi, wameshika matumbo. Yule mliaji sasa alikuwa analia kwelikweli.

"Shoga," Bi Faraja akabembeleza, "sema neno moja tu. Moja! Watu hawajala."

Kazija akamsogezea honi, akamwonyesha masikio yake mawili, kisha akakunja mikono. Hata kiziwi angeelewa.

"Hilo haliwezekani. Hatuna mlango wa kurudishia vitu. Jengo lilipojengwa tuliagiza milango miwili, tukaletewa mmoja na piano."

Basi haikubaki ila Pole Kuu. Wakamwita Mkuu wa Pole, Mheshimiwa Poza, na jengo zima likasimama pembeni ya kuta. Akaja mzee mwembamba katika shati jeupe la mikono mirefu, anatembea kwa shida, magoti yanalia kama mlango mkavu. Alikuwa na sauti ndogo mno, hata wa mstari wa pili ilibidi waulizane amesemaje. Pole Kuu hutolewa kwa kupiga magoti, na ilimchukua muda mrefu kuyafikisha chini. Alipofika akainua mikono yote miwili mbele ya Kazija, kama sheria inavyotaka.

Kwenye pindo za mikono ya shati, mahali pa vifungo, vilikuwa vimebanwa vidude viwili vidogo, rangi ya maziwa, vyenye mikia ya kuingia masikioni.

Kazija alivijua. Alivitazama katika simu kwa majuma matatu, asubuhi na jioni. Maji yakapita njia mbaya, akakohoa, na funda zima likamrukia Mheshimiwa Poza usoni.

Mzee akabaki pale magotini, maji yanamtiririka kidevuni, wala hakukasirika, maana hakuwa amewahi kufundishwa.

"Baba," Kazija akauliza, sasa mdomo mtupu, "hivi vya mikononi mwako ni nini?"

"Hivi?" Mzee akavitazama. Ilibidi Kazija ainame kumsikia. "Vifungo, nadhani. Sauti yangu ndogo, mwanangu, kama unavyoona. Pole zangu hazifiki nyuma. Niliagiza kifaa cha kusikika, wakaniletea hivi. Wakasema wamenipunguzia herufi moja."

Kazija alivua kanga yake ya juu, akamfuta mzee maji, uso, shingo, mpaka nyuma ya masikio, polepole, kama anavyofutwa mtoto. Akamshika mkono wa kulia, akabandua kidude cha kwanza. Akamshika wa kushoto, akabandua cha pili. Vyote akavifunga kwenye pembe ya kanga, mahali ambapo mwanamke wa pwani hufunga kitu asichotaka kupoteza. Kisha akaichukua honi ya lori, na mtungi wake, akampakatisha mzee taratibu.

Halafu akampigia magoti naye, wakawa sawa.

"Pole sana, baba yangu," akasema. "Pole na maji. Pole na magoti. Pole na kazi hii ya miaka yote, kuwapa watu pole, wala hapana aliyewahi kukurudishia moja."

Na pole hiyo, nawahakikishia, haikuwa ya hila tupu. Kazija alimwonea huruma kweli yule mzee. Wahenga walisema maneno mema humtoa nyoka pangoni, lakini hawakusema nyoka mwenyewe hujisikiaje akiambiwa maneno mema kwa mara ya kwanza. Mheshimiwa Poza alikuwa amezitoa pole maelfu kwa maelfu, na hakuwahi kupewa hata moja. Macho yakamlowa, safari hii si kwa maji ya bilauri.

"Nimeshapoa, mwanangu," akasema. "Wallahi, nimeshapoa."

Pa!

Wote waligeuka. Bi Faraja alikuwa amesimama na muhuri mkononi, naye alikuwa ameshtuka kuliko mtu yeyote, kwani mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea.

"Kesi gani imekwisha?" akauliza yule mzee wa masijala.

Bi Faraja akasoma sheria ya kwanza kwa sauti. "Aliyeambiwa pole akajibu nimeshapoa, ameridhika na alichopewa..." Akaitazama honi. "...wala hana dai juu ya alichokikosa." Akaitazama pembe ya kanga.

"Ndiyo hivyo," akasema Kazija, akainuka. "Miye nawafunda wari neno jingine pia, Bi Faraja, ila nilikuwa nalisema haraka haraka kwa kuwa halina wimbo. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nami sasa nimeshapoa. Nendeni mkale, pilau linapoa, na hilo likipoa halina anayefurahi."

Walikwenda wakikimbia. Mheshimiwa Poza alibaki sakafuni peke yake, anaichunguza zawadi yake. Kazija alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia nyuma yake mlio uliotikisa madirisha yote ya Upoleni, ukifuatiwa na kicheko cha mtu mzima aliyesikika mpaka nyuma.

Aliondoka nchini kesho yake. Alipopita mbele ya Ofisi Kuu asubuhi, aliona foleni iliyozunguka jengo, na haikuwa na kelele hata kidogo, maana kila aliyekuwamo alikuwa amevimba mashavu. Bwana Radhi alikuwa wa kwanza. Alikuwa amemshika paa wake kwa kamba, na paa naye alikuwa ametiwa maji mdomoni, ingawa yeye aliyameza. Hakuweza kumwambia Kazija kwaheri. Alimpungia ile antena.

Sijui yaliwafikaje baada ya hapo. Nasikia Bonyeza Ufurahi wamefungua mlango wa pili, na nasikia pia kwamba wameondoa majagi yote ya maji. Yote mawili nayaamini.

Kazija alifika kwake adhuhuri, begi la kijani mgongoni. Bi Rukia alikuwa ukumbini anachambua mchele, akainua macho na kuanza kucheka kabla hata hajaambiwa kitu, kwa tahadhari. Mwanawe alipiga magoti, akafungua pembe ya kanga, akamvisha kidude cha kulia, akamvisha cha kushoto, akawasha kama maelezo yalivyosema. Na kwa kuwa alikuwa amezoea miaka mitatu ya kupiga makelele, akavuta pumzi na kumpigia mama yake sikioni:

"POLE, MAMA! NIMECHELEWA!"

Bi Rukia akajikunja, sinia la mchele likamponyoka, punje zikatapakaa ukumbi mzima.

"Kelele za nini, mtoto wewe?" akasema, kwa sauti ndogo ya kawaida ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. "Mimi kiziwi?"

Akakishika kidevu cha binti yake, akakigeuza huku na huku, kana kwamba sauti ile ilikuwa imejificha mahali fulani usoni.

"Ilikuwa nzuri hivi hivi," akasema. "Hebu niambie tena."

"Pole, mama," Kazija akasema, taratibu.

"Nimeshapoa, mwanangu."

Kazija akakaza macho, akingoja mlio wa muhuri. Haukuja. Palisikika tu kuku wa jirani, ambaye wakati ule ule alitangaza kwa nguvu kwamba ametaga, na Bi Rukia alimsikia, akacheka kwa wakati wake.

Siku hizi ukipita kwao wakati wa baridi utamwona bibi huyo barazani amevaa soksi ndefu nyekundu zenye mistari. Ana jozi kumi na moja. Nami hadithi niliyopewa kuileta ndiyo hiyo, nimeifikisha kama nilivyoipokea. Ikiwa nzuri ni yetu sote, na ikiwa siyo mliyoiagiza, poleni.